Mlio Uleule

Tusidanganyane, kazi ya uhasibu ya Mama Mizania haikuwa ya kumpa mtu pumziko. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa, kama mizania ya hesabu ambayo pande zake mbili lazima zilingane, hata sukari ya chai aliigawa sawasawa. Kampuni yao ilinunua na kuuza sarafu za kidijitali, pamoja na mikataba ambayo thamani yake inapanda na kushuka kwa kufuata bei za sarafu hizo. Soko lenyewe halifungwi, basi hata vitabu vya hesabu havifungwi: bei ikicheza tu, kompyuta inapiga hesabu upya papo hapo. Hesabu zikipishana na za soko, inamlilia mhasibu kwenye simu yake. Mara nyingi si kitu. Walishazoea kuunyamazisha mlio kwa kidole gumba bila kutazama, soga zikiendelea.

Alimkumbuka binti yake mpaka moyo ukamuuma. Alimwacha kwa bibi yake akiwa anatambaa, eti kwa muda tu, na sasa msichana anasuka nywele zake mwenyewe. Safari hii mama alipanga nyumba yenye chumba cha pili, akatandika kitanda, akamwambia: ukikubali kuja kuishi nami, nipigie Jumamosi mchana. Ili simu hiyo isimpite, akaiwekea mlio uleule wa hesabu. Si ndio pekee ambao sikio lake halikuukosa kamwe?

Jumamosi bei zikaporomoka. Simu ikalia, gumba likanyamazisha. Ikalia tena, gumba likanyamazisha. Mambo yalipopoa ndipo akatazama kioo cha simu, akaona binti yake amepiga mara mbili.

Alipopiga, alipokea mama yake.

"Mwenzio alioga, akavaa vizuri, akakaa na simu mapajani," bibi akasema. "Ukamkatia mara mbili, mwanangu."

"Sikujua ni yeye, mama. Nilidhani ni kazi."

"Mwambie mwenyewe."

Binti akaja kwenye simu. "Shikamoo, mama. Soko limetulia?" Ndivyo alivyozoea kuanza, kabla ya kusema lolote la kwake.

"Marahaba. Achana na soko. Ulitaka kuniambia nini?"

"Nilitaka kusema nakuja."

Mama akafumba macho kwa furaha. Hapohapo mlio ukaanza tena, safari hii kwenye kompyuta. Hakuugusa.

"Si kitu, mwanangu. Endelea."

"Inalia, mama," binti akasema kwa upole. "Itazame tu. Mimi nabaki kwa bibi."