Picha ya Akinyi Ndani ya Gunia la Mahindi

Sisi tuliokulia kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa majani chai, upande wa Kericho, kuhama tulikuzoea kama mvua ya saa nane. Baba alikuwa fundi wa kiwanda. Wakubwa wakimtaka kiwanda kingine, mnaenda. Sahani zilifungwa kwa magazeti, sufuria zikaingizwa moja ndani ya nyingine, na sukari ikabebwa na mtoto anayeaminika. Mimi sikuwahi kuaminika.

Nilipokuwa darasa la nne, siku ya kuhama mama alizunguka nyumba tangu asubuhi akiwa ameshika picha ya dada yangu Akinyi, aliyefariki kabla sijazaliwa. Hatukuwa na nyingine, na fremu yake ilikuwa ya kioo. Akaifunga kwa sweta, akaifungua. Akaiweka katikati ya godoro, akaitoa. Jirani yetu Mama Cherono, aliyekuja kutusaidia kupanga mizigo, akachoka kumtazama.

"Mama Akinyi, mimi hata mayai nazika kwa mahindi. Leta hapa."

Wakaizika ndani ya gunia, wakashona mdomo.

Wanawake wa laini walitusindikiza kwa miguu nyuma ya trekta na trela lililobeba mizigo yetu mpaka kona ya mwisho. Mbele kidogo, kwenye mlima, mvua ikatukuta. Trekta likaanza kuteleza kurudi nyuma. Dereva akapiga kelele mzigo upunguzwe, na baba, asiyejua lolote, akashika lile gunia.

Mama akapanda juu yake, akakaa. "Ukitupa hili, nitupe na mimi."

"Ni mahindi tu, Mama Akinyi!"

"Si mahindi. Ni mtoto wako yuko ndani."

Baba alisimama, maji yakimtiririka usoni. Kisha akavua koti lake, akafunika gunia, akashusha kitanda chao cha mbao. Kesho yake alirudi kukichukua, hakukipata. Walilala chini mpaka Krismasi, na sikusikia yeyote akilalamika.

Siku ile tulipofika, mama aliingiza mkono mpaka begani, akaitoa picha. Kioo kizima, vumbi tu.

Leo nahama kutoka Bomet, na tangu alfajiri sijakaa chini. Watoto wangu wameita watu wa kuhamisha, wamekuja na maboksi yao na plastiki ile ya vipovu vya kupasuka-pasuka, ambayo vijana wangu wakubwa wameikalia wakiipasua kama watoto wa nasari. "Mum, tulia, kila kitu kiko sawa," wananiambia, macho kwenye simu. Ni kweli, hakuna kikombe kitakachovunjika.

Lakini nimetoka hadi kwa geti mara nne. Miaka tisa nimeishi kwenye ploti hii ya nyumba za kupanga. Lori linapakiwa mchana kweupe, na jirani wa mlango wa pili amefungua pazia kidogo, akatazama, akafunga. Hakuna aliyekuja kuniuliza naelekea wapi.