Nyumba Yetu Haikuachwa

Kule kambini watu waliuza kila kitu: makaa, maji, dawa ya kuhara, hata nafasi ya kulala mbali na vyoo. Lakini kitu kilichouzwa ghali kuliko vyote kilikuwa karatasi.

Niliingia kambi ile na watoto wawili, mmoja mgongoni na mwingine ameshika kitenge changu, pamoja na mama mukwe. Ilikuwa wakati jimbo letu la Katanga lilipojiita nchi, na sisi wenye asili ya jimbo la Kasai tukaambiwa kwamba tumekuwa wageni. Wageni! Mimi nilizaliwa Lubumbashi, nikabatizwa Lubumbashi, nikasoma kwa masista wa Lubumbashi mpaka nikaweza kuandika barua ya Kifaransa bila aibu. Kasai niliijua kwa masimulizi ya mama mukwe tu, na katika masimulizi yake mihogo haikuoza wala watu hawakugombana, kwa hiyo sikuyaamini sana. Mume wangu alikuwa ametangulia huko kwa treni kutafuta kazi. Alisema atatuita. Hakuna barua iliyofika.

Nyuma yetu, katika mtaa wa Katuba, tulikuwa tumeacha nyumba. Matofali ya kuchoma, bati, vyumba vitatu na jiko la nje. Mume wangu aliijenga kwa mkopo wa kazini, na mimi nilikanyaga udongo wake nikiwa na mimba. Sasa treni za Kasai zilikuwa zinajazwa tena, na kila familia iliulizwa: munapanda ao hapana? Jibu langu lilitegemea jambo moja. Kama nyumba ilikuwa bado yetu, nabaki. Kama si yetu, napanda na watoto, naenda kuishi kwa watu wa mume ambaye sikujua kama yu hai.

Lazima nieleze habari ya kitabu, maana pasipo kuijua mtu atatuona wajinga. Kila lupango wa Katuba, yaani kila kiwanja, ulikuwa na kitabu chake kidogo chenye jina la mwenye nyumba. Zamani za Wabelgiji polisi walipita nyumba kwa nyumba wakigonga na kudai karatasi: "Mukanda iko wapi?" Ukikosa kuonyesha, unakwenda nao. Baba zetu walizeeka na swali hilo, na sisi tukazaliwa ndani yake. Ndiyo maana siku ya kukimbia watu waliacha bukari, ugali wetu, motoni, wakaacha viatu, lakini vitabu vya lupango walivishonea ndani ya nguo za watoto. Na aliyepoteza kitabu aliamini amepoteza nyumba. Ndivyo tulivyofundishwa: nyumba si kuta, nyumba ni kile unachomwonyesha polisi.

Kitabu chetu kilibaki kabatini. Mama mukwe alikililia kama maiti.

Kwa watu kama yeye ndipo mwandishi mmoja alipopata soko. Aliweka meza pembeni mwa kambi, yaani si meza, sanduku la samaki kutoka Kasenga ambalo bado lilinuka, na juu yake mashine ya kuandika. Alivaa tai katika jua lile. Watu walimwita notere, kama yule anayethibitisha hati za serikali, naye aliitika. Alisema anaweza kumpatia mtu yeyote mukanda mpya wa lupango, wenye kashe, yaani mhuri, na kwamba atapeleka nakala komini, ofisi ya mtaa, yeye mwenyewe. Bei ilipanda kila mara treni ilipotangazwa.

Siku moja nilirudi kutoka kuteka maji nikamkuta mama mukwe amekaa, anatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu Katuba.

"Mwana, tuko na nyumba tena," aliniambia, akanipa karatasi aliyoikunja ndani ya leso.

Nilitazama mahali pale ilipokuwa ikikaa mashine yake ya kushona. Mashine ile aliibeba kichwani kutoka Katuba, na kwa mashine ile tulikuwa tunakula.

"Mama, mashine iko wapi?"

"Soma kwanza."

Nikasoma. Kilikuwa Kifaransa cha ofisini, kimenyooka vizuri, kashe ya buluu chini, na kidole cha mama mukwe, alama ya wino, kimebandikwa pembeni. Kilisema kwamba mwenye kidole hiki anakiri nyumba hiyo imeachwa na mwenyewe, na anaomba apewe na komini. Nikaisoma tena, maana nilidhani joto limeniingia kichwani.

"Mama, umeandika nyumba haina mwenyewe."

"Miye? Sikuandika kitu. Niliweka kidole tu."

"Njo kidole yenyewe inasema. Inasema mwana wako aliacha nyumba. Nyumba ya kuachwa, komini inaweza kumupa mutu yoyote."

Alininyang'anya karatasi, akaitazama kwa karibu kama mtu anayetafuta kiroboto. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lakini iko na kashe."

Nilikwenda kwa yule mwandishi na mtoto mgongoni. Palikuwa na wanawake wengi wanangoja zamu. Sikungoja.

"Bwana, hii mukanda inasema nyumba imeachwa."

"Madame, ile njo formile, maneno ya kawaida. Bote banaandikaka vile."

"Na kama mwenyewe eko hai?"

"Eko wapi? Umulete, nimusalimie."

Watu wakacheka. Na mimi nikazidi kuwaka.

"Rudisha mashine ya mama."

"Mashine ya nani?" Alitengeneza tai yake. "Iko na mukanda yake?"

Wakacheka tena, lakini mwanamke mmoja hakucheka. Alitoa karatasi yake kifuani, akanipa, akasema, "Yaya, dada yangu, nisomee na yangu." Nikasoma. Sentensi ni ile ile. Mwingine akatoa yake, na mwingine. Nilisoma nikiwa nimesimama, mtoto akilia, na kila karatasi ilisema imeachwa, imeachwa, imeachwa. Yule mwandishi alianza kufunga mashine yake ya kuandika taratibu, kama mtu aliyekumbuka amealikwa mahali. Hakuna aliyemzuia. Wanawake walikuwa wamekaa chini, kila mmoja na kidole chake mkononi.

Nilikumbuka siku tulipopewa lupango. Nilisimama pamoja na mume wangu mbele ya dirisha la komini, na karani aliandika mara mbili: katika kitabu, tukakichukua, na katika fishi, karatasi ngumu iliyobaki katika droo yao. Basi nyumba ilikuwa katika droo ile. Kitabu kingine chochote kilikuwa kivuli chake. Nikamwachia mama mukwe yule mkubwa, nikafunga mdogo mgongoni, nikaenda Katuba kwa miguu.

Kwenye kizuizi jandarme mmoja kijana, askari wa Katanga, alinisimamisha.

"Weye mutu wa wapi?"

"Wa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa Lubumbashi. Unataka nikuonyeshe kitanda mama alinizalia?"

"Na baba wako ni wa wapi?"

"Wa makaburi. Nenda umuulize."

Mwenzake alicheka mpaka akashika bunduki vibaya. "Wacha apite," alisema, "huyu atatumaliza." Nilipita. Nilitembea bila kugeuka mpaka kwenye ua wa komini.

Mbele ya komini palikuwa na wengine kama yule wa kambini, safu nzima, kila mmoja na sanduku lake. Waliniita: "Mama, kuya! Lupango? Kashe? Kwa ile dirisha habatakusikia, lazima upite kwa siye!" Mmoja alinivuta kitenge. Nilimpiga mkono.

Karani wa dirishani alikuwa mnene, mwenye usingizi, na alikuwa anakula karanga.

"Mukanda yako?"

"Sina mukanda. Nataka kuangalia fishi ya lupango."

"Nani alikuambia iko fishi?"

"Niliiona ikiandikwa. Na nimesoma."

"Ee! Madame amesoma!" Aligeukia wenzake ndani. "Mukuye muone, Kasai inatuletea maprofesa! Treni yenu inawangoja, mama, unatafuta nini tena?"

"Kuangalia ni bei gani?"

Hapo aliacha kutafuna. Alinitazama kama nimeuliza bei ya jua.

"Kuangalia? Kuangalia haiuzwake. Nani anakuuzisha kuangalia? Sema namba ya lupango."

Nikasema. Alikwenda, akakaa sana, akarudi na fishi. Aliiweka juu ya mbao, kidole chake chenye chumvi juu ya jina. Lilikuwa jina la mume wangu. Hakuna aliyelifuta, hakuna aliyeandika juu yake. Nililisoma herufi kwa herufi. Lakini juu ya fishi ilikuwa imebanwa karatasi nyingine, na niliijua kabla sijaisoma, kwa sababu ya kile kidole.

"Hii je?"

"Hii njo inasema imeachwa. Bilikuya mingi sana, paketi nzima. Mukubwa hayatia kashe yake bado. Akitia, tunapiga musitari kwa jina ya bwana, tunaandika ingine."

"Na kashe hii ya buluu?"

Aliitazama, akaguna. "Ile? Ile haiko ya kwetu. Ile ni ya posho ao ya bilo, ofisi ingine tu, siyue."

"Inaondolewa namna gani?"

"Mwenye kidole akuye yeye mwenyewe, aseme anaiondosha. Yeye, hapana weye. Na akuye kabla ya mukubwa kurudi."

Nikarudi kambini. Mama mukwe alikataa. Alisema yeye ni mzee, atauawa kizuizini, na tena alikwisha kulipa. Nilimwambia amelipa ili tunyang'anywe. Alikitazama kidole chake.

"Kidole yangu niliiweka mara moja, ikaharibu nyumba ya mwana wangu. Sasa unataka niiweke tena?"

"Ndiyo, mama. Ile ile."

Kesho yake alivaa nguo yake ya misa, tukamwacha yule mkubwa kwa jirani wa hema. Tulipita kizuizini nyuma ya lori la askari wa kofia za buluu, wale wa kulinda amani, kina mama wengi pamoja, tumebeba vikapu kama watu wa sokoni. Baadhi yao walikuwa wale waliosomewa karatasi. Mbele ya komini wale wa masanduku walituita tena. Mama mukwe, yeye aliyekuwa akiogopa kila mwenye tai, aliwatemea mate karibu na miguu.

Karani alinipa karatasi nyeupe na kalamu. "Umesoma, basi andika." Nikaandika kwa Kifaransa kwamba nyumba haikuachwa, ina mwenyewe, na kwamba tulikimbia kwa sababu maisha yetu yalikuwa hatarini. Akasoma polepole, midomo ikitembea. Akanirudishia.

"Hii 'tulikimbia' utaiondosha."

"Juu ya nini?"

"Mu Katanga hakuna mutu alikimbia. Andika 'tulisafiri'."

Nyuma yangu wanawake walikaribia kusikia. Nilikuwa na kalamu mkononi na maneno mengi mdomoni, na nadhani karani aliyaona yote, kwa sababu alisogea nyuma kidogo. Nilifikiria jirani yetu aliyelala barabarani mbele ya duka la mkate, na hakuna aliyethubutu kumfunika. Nilifikiria mtoto wangu aliyejifunza kutembea katikati ya mahema. Safari! Kisha nikafikiria ile droo. Kama karatasi yangu ingekataliwa, jina la mume wangu lingepigwa mstari kabla ya jioni.

Niliandika tulisafiri. Hasira ya neno lile bado ninayo, na sijui nani atakuja kuichukua.

Mama mukwe akabandika kidole. Karani akabandua karatasi ya zamani, akaipasua vipande viwili, akaweka mpya mahali pake. Tulilipa tembre, stempu ya serikali, ambayo bei yake imechapwa juu yake yenyewe, na hata bibi kizee angeweza kuilipa kwa mauzo ya asubuhi ya sombe, majani ya mihogo. Alinipa nakala. Akawaita wengine: "Haya, nani tena alisafiri?"

Tulikwenda nyumbani moja kwa moja. Moshi ulikuwa unatoka katika jiko letu.

Mwanamke aliyekuwa anasonga bukari hakuinuka. Alikuwa wa umri wangu, watoto watatu wamemzunguka. Alisema walitoka Lukafu, mume wake jandarme aliuawa, na nyumba hii alipewa. Alitoa karatasi kabla sijamwomba. Mashine ile ile ya kuandika, kashe ile ile ya buluu. Nilimsomea: iliomba tu komini impe nyumba iliyoachwa. Alisikiliza mwiko ukiwa hewani.

"Niliuzisha mbuzi zote," alisema. "Ule mwandishi aliniambia bazungu ba Bel-Air na bao wananunua kwake."

"Mukanda yako haina kitu. Jina iko ku komini, na ni jina ya bwana wangu. Angalia, hii nakala."

"Na miye niende wapi?"

"Siyue."

Mama mukwe alinigusa mkono. "Mwache amalize kupika." Nikamwacha amalize. Walikula uani petu, sisi tumesimama, watoto wake wakinitazama juu ya matonge. Nilikuwa na njaa, na sikuomba. Kisha akafunga vyombo vyake katika shuka. Langoni aliniuliza komini iko upande gani, nikamwonyesha.

"Uliza fishi," nilimwambia. "Kuangalia ni bure. Usinunue kitu kwa bale ba inje."

Alimbeba mdogo, akaondoka na wengine nyuma yake.

Tulimchukua yule mkubwa kambini, tukaishi Katuba na hofu, lakini tukaishi. Treni ya Kasai ilipoondoka niliisikia kutoka uani. Nilikuwa nasugua masizi ya yule mwanamke kwenye ukuta wa jiko, na hayakutoka yote.