Pikipiki Niliyoisifia Njia Nzima

Mimi ni mwalimu mwenye shahada ya chuo kikuu, na Jumapili iliyopita haikunisaidia kitu.

Mwaka mzima nimekuwa nikiifufua pikipiki moja kuukuu, nyekundu, uani kwangu Mazwi. Mke wangu alikubali kuipanda twende kwenye kipaimara Chala, ila kwa sharti: "Ikituzimikia leo, Baba Neema, kesho unaiuza."

Kwenda tulifika, ingawa ilikohoa kila mlima. Baada ya misa na pilau tukaipanda kurudi. Nilipiga kiki moja tu, ikawaka. Milima yote ikaipanda kimya kimya.

"Unasikia?" nilimwambia kwa sauti, maana upepo ulikuwa mkali. "Kabureta hiyo nimeisafisha kwa mikono yangu."

"Leo nimekubali," akasema. "Hata kiti umekifanya laini."

Kiti sikuwahi kukigusa. Badala ya kushtuka, nikajibu, "Ni kujituma tu, mama."

Kabla hatujafika nyumbani, bodaboda ilitupita ikatuzuia njia. Nyuma yake alikaa katekista wa pale Chala, suti yake yote vumbi.

"Mwalimu, samahani," akasema kwa upole. "Hiyo uliyopanda ni yangu. Hizi za zamani zinafanana, na funguo zimelika, yoyote inawasha yoyote. Yako tumeiacha kanisani. Kwaya nzima imeisukuma, imekataa kuwaka."

Nilizima injini, nikashuka. Mke wangu wala hakushuka. Alimgeukia katekista, akamuuliza, "Baba, hii unaiuza?"