Kimya cha Jumapili ya Pili

Mwanangu, ipo Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko Krismasi zote nilizosherehekea, na wala haikuwa sikukuu. Ilikuwa Jumapili ya kawaida tu hapa Msambweni, joto limekaza tangu asubuhi, madirisha ya kanisa yote wazi, watu wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao na kanzu nyeupe ya msomaji, na wivu umenijaa hadi naona vibaya. Nakuambia mapema usije ukadhani unasimuliwa habari za mtakatifu.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe. Sisi Waanglikana wa huku kusini ni wachache, na wakati ule tulikuwa wachache zaidi. Kasisi alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, mengine huko Lunga Lunga, mengine Kombani, kwa hivyo kwetu alifika mara moja kwa mwezi kutupa Meza ya Bwana. Jumapili nyingine zote ibada iliongozwa na msomaji, yaani muumini wa kawaida aliyefundishwa kuendesha sala na kuhubiri kidogo. Msomaji huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa kijana bado, ukoo wetu umetoka Rabai na ni wa kanisa tangu enzi za mababu, na Kiswahili changu nilikipenda mwenyewe nikikisikia. Akina mama walisema nasoma sala vizuri, nami sikuwakatalia.

Miongoni mwa kazi za msomaji ni kutangaza ndoa. Watu wanaotaka kuoana kanisani, majina yao husomwa mbele ya waumini Jumapili tatu, na kila mara msomaji huuliza kama yupo anayejua sababu ya haki ya kuizuia ndoa hiyo. Akiisha kuuliza hunyamaza kidogo, kiasi cha mtu kukohoa na kukaa vizuri, halafu ibada inaendelea. Wasipotangazwa mara zote tatu, ndoa haifungwi. Nilikuwa nimeshatangaza ndoa za watu wengi, na sikuwahi kufikiri kwamba kile kimya kidogo mtu anaweza kukitumia kwa mambo yake.

Basi alikuwapo Selina, binti wa fundi cherehani. Alikuwa akifundisha watoto kwenye baraza ya kanisa wakati mimi nahubiri ndani, na sauti yake ikinifikia nilipoteza mstari nikaanza upya. Nilimpenda, mwanangu. Miaka miwili nilimpenda. Nilimsindikiza hadi njia panda kila Jumapili, nikamwazima vitabu, nikamletea korosho kutoka shamba letu. Kumwambia, sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba anajua, na kanisa zima linajua, sasa haraka ya nini.

Ndipo akaja Mutua. Alitoka Machakos, akapata kazi ya upishi katika hoteli moja huko Diani, akawa anakaa kwetu kwa dada yake. Siku ya kwanza alinipa mkono mlangoni pa kanisa akasema, "Niaje, pastor. Mimi nitakuwa nakujanga kila Sunday nikiwa off." Kwa wazee waliosimama pale hakusema shikamoo, aliwapungia tu mkono. Nilicheka moyoni. Nikasema huyu hata kusalimia hajui, hana mahali pa kufika.

Alifika. Siku ya sikukuu ya mavuno aliingia jikoni pamoja na akina mama, akakunja mikono ya shati, akapika pilau ambayo majirani zetu Waislamu waliotuletea nazi za kutusaidia waliisifu wiki nzima. Shikamoo nayo alijifunza, kwa Selina. Na kabla masika hayajaisha, wazee wake walikuwa wameshateremka kutoka Machakos kuja kuposa. Baba yake Selina alikubali, na Selina mwenyewe alikubali. Mimi habari hiyo niliipata kwa kasisi, aliponiwekea mkononi karatasi yenye majina mawili na kuniagiza nianze kutangaza Jumapili inayofuata.

Hebu fikiri. Mwingine akiwa na wivu hujifungia nao nyumbani hadi umtoke. Mimi nilitakiwa nivae kanzu nikasome mbele ya watu jina la mwanamke niliyemtaka pamoja na jina la mwanamume aliyempata, kisha niulize kwa upole kama kuna mwenye neno.

Jumapili ya kwanza nilisoma haraka haraka, jina la Mutua nikalitoa mdomoni kama kokwa ya ndimu. Nikauliza, nikapita. Lakini wiki iliyofuata sikuwa na raha. Nilimwona Mutua kila mahali. Nikienda kununua samaki, yupo, anacheka na wavuvi waliorudi kutoka Funzi. Nikipita dukani kwa fundi, yupo, ameketi kwenye kile kiti changu, kiti ambacho hakuna aliyewahi kunipa lakini nilikuwa nimeshakifanya changu. Chakula kikawa hakina ladha. Nilimchukia kwa meno yake meupe, kwa viatu vyake, kwa jinsi alivyoita jina la Selina kwa lafudhi ya bara. Ndivyo wivu ulivyo, haubagui, huchukia hata viatu.

Katika hali hiyo masikio yangu yakawa makali. Nikasikia mama mmoja wa kwaya akinong'ona kwamba watu wa hoteli hawaaminiki. Nikasikia mzee mmoja akisema huenda kijana yule ameacha mke huko kwao, nani anajua. Maneno matupu yote hayo, ya watu waliokosa la kuzungumza. Sikumwuliza hata mmoja ameyatoa wapi, kwa sababu sikutaka kujua. Nilichotaka ni wayaseme kanisani, na nikapanga kuwapa nafasi.

Basi Jumapili ya pili nikasoma majina. Nikauliza kama yupo anayejua sababu. Kisha nikanyamaza, na sikuendelea.

Nilimtazama yule mama wa kwaya. Akainamisha uso. Nikamtazama yule mzee. Akajifanya anatafuta miwani mfukoni. Nikarudi kwa mama, nikarudi kwa mzee. Nje pikipiki ikapita, ikaenda hadi mlio wake ukapotea, nami bado nimenyamaza. Watu wakaacha kujipepea. Fundi cherehani akageuka kutazama nyuma, kama mtu anayetazamia adui kutoka mlangoni. Mutua alikuwa anaangalia huku na huku, hajui kama hiyo ndiyo desturi yetu au vipi. Selina alinyanyua uso akanitazama mimi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hatimaye ananitazama.

Hapo akasimama Bi Raheli.

Bi Raheli alikuwa mtunza kanisa wetu, mama mzee, mfupi, mjane wa siku nyingi. Yeye ndiye aliyenifundisha katekisimu, na ndiye aliyezifua na kuzipiga pasi nguo zote za ibada, pamoja na kanzu niliyokuwa nimevaa. Aliposimama watu walishtuka, kwa maana Bi Raheli hakuwa mtu wa kuropoka. Nami nikajua ndoa imevunjika.

Hakumtazama Mutua. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ile ile ya kufundishia watoto, "Msomaji, sisi hatuna kizuizi. Wewe kama unacho, kitaje kwa jina lako. Usitutafutie mtu wa kukusemea."

Kanisa zima likanigeukia. Ningeweza kusema lolote, na pengine wangeniamini, maana mimi ndimi niliyewasomea neno la Mungu kila wiki. Nikatafuta kizuizi, mwanangu, nakwambia kweli, nikatafuta. Sikukiona.

"Sina," nikasema.

"Basi tusali," akasema Bi Raheli, akaketi.

Wiki ile sikutoka nje ila kwa lazima. Jumamosi nikaamua kuwaambia wazee wa kanisa kwamba naumwa. Nilijua vizuri maana yake: kasisi alikuwa mbali, msomaji mwingine hatukuwa naye, na tangazo la tatu lisiposomwa, harusi iliyokwisha kuandaliwa ingesimama. Jamaa za Mutua walikuwa tayari njiani. Nilijilaza kitandani mchana kweupe, nikaanza kuuamini ugonjwa wangu.

Bi Raheli akabisha hodi alasiri, kanzu yangu mkononi, imepigwa pasi. Nikamwamkia. Aliitika marahaba, akaitundika kanzu msumarini, akaketi bila kukaribishwa. Akaniuliza naumwa nini. Nikasema kichwa. Akaniuliza tena naumwa nini, kwa sauti ile ile, kana kwamba sijajibu. Alikuwa na subira ya kutisha mama yule.

"Namwonea wivu Mutua," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, hata kwa nafsi yangu. Nikadhani atanikemea, au atanishika kichwa aniombee.

Alitikisa kichwa taratibu. "Wivu haumo katika vizuizi vya ndoa, baba. Ungekuwamo, kanisani kwetu asingeolewa mtu." Kisha akaniambia kwamba ameujua wivu wangu tangu siku ya mavuno, na kwamba kilichomuudhi si huo. Kilichomuudhi ni kuona nimeuvisha kanzu aliyoifua yeye na kuufanya sehemu ya ibada. Akasema mtu akiwa na wivu aulie chumbani kwake, au aende kwa mtu mmoja anayemwamini amwambie hivi nilivyomwambia yeye, lakini asiwakabidhi wengine wamfanyie kazi yake. Akaondoka. Habari za kichwa changu hakuniuliza tena.

Nilisoma, mwanangu. Jumapili ya tatu nilisoma majina yote mawili kwa utaratibu, la Mutua nikalitamka vizuri pamoja na la baba yake. Nikauliza. Nikanyamaza kiasi cha kawaida. Nikafunga kitabu.

Baada ya ibada Selina alinifuata nyuma ya kanisa, mahali nilipokuwa navua kanzu. Nikaanza kumwomba radhi kwa Jumapili iliyotangulia. Akaniacha nimalize.

"Niliogopa," akasema. "Lakini kimya chako si cha Jumapili ile tu. Miaka miwili nilingoja useme neno moja tu. Ulisoma majina ya kila mtu ukayasoma vizuri, langu hukulisema."

Alinipa mkono wa amani, akarudi kwa mchumba wake aliyekuwa akimngoja uani, na wiki ile wakafunga ndoa. Nilikula pilau ya harusi yao, aliyoipika bwana harusi mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine. Ilikuwa nzuri. Hilo nalo liliniuma.

Mama yako unajua nilimposaje. Mwezi wa pili tangu nimfahamu nilimwambia kwa kinywa changu, mbele ya kaka zake, jasho linanitiririka, na hata leo hunicheka kwa namna nilivyobabaika. Acha acheke. Nilibabaika lakini nilisema.

Sasa nisikilize. Nawaona vijana wa kanisa letu siku hizi. Mmoja anaandika mafumbo kwenye simu ili wengine waulize nani huyo, apate watu wa kumsaidia kuchukia. Mwingine anasimama kwenye ushirika wa maombi akisema tumwombee ndugu fulani aache tabia zake, na tabia zenyewe ni kwamba amepewa nafasi kwenye kwaya aliyoitaka yeye. Mwingine anavaa leso yenye maneno makali na kukaa benchi la mbele ya mwenzake. Wote hao wananyamaza kimya changu kile.

Wivu utakupata, mwanangu. Usijidanganye kwamba sala zitakukinga, mimi ulinipata nikiwa nimeshika kitabu cha sala. Ukikupata, uite wivu, usiuite wasiwasi kwa ajili ya kanisa. Mwambie mtu mmoja atakayekusikiliza na asiupeleke mbali. Usiupeleke madhabahuni, na usimtafutie jirani maneno ya kusema ambayo wewe mwenyewe huwezi kuyasema ukitajwa jina. Na lile unalolitaka kweli, awe mtu, iwe kazi, iwe nafasi ya kuhudumu, liseme mapema mahali panapohusika. Ukikataliwa utaumia, lakini utaumia mara moja. Mimi Selina na Mutua nawaona kila Jumapili, wamezeeka pamoja, naye Mutua siku hizi ndiye mtunza kanisa. Ananiambia shikamoo kwa adabu kabisa, kwa sababu nimemzidi umri kidogo. Naitika marahaba, na bado panachoma.

Nenda basi na baraka zangu. Bwana akupe ujasiri wa kulisema lako kungali mapema, akupe moyo wa kulisoma vizuri jina la mwenzako siku atakapopewa yeye na si wewe, na asikuache bila mzee wa kusimama mbele ya watu akuulize kizuizi unacho au huna. Amina.