Sabuni ya Goti

Siku hizi wauguzi wasichana wanapokwenda kumjulia hali Bahija nyumbani kwake Midani, Damasko, hukaa wakazungumza mambo ya wadi, na kila kiungo hukitaja kwa jina lake la kitabuni. Jina ni lilelile Damasko, lilelile Baghdadi. Bahija hufurahi, maana hata yeye alisomeshwa hivyo. Ila akiwasikiliza sana, fikra humrudia bibi yake, Hajati Shafika, Mungu amrehemu, aliyekuwa na majina yake mwenyewe ya mwili wa binadamu.

Kwa Bibi, nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, iliitwa bata. Na ukiitazama vizuri, kweli imekaa kama bata aliyejikunyata. Tezi za kooni zilikuwa mabinti wa masikio. Na kile kifupa cha mbele, ambacho sisi twakiita pia ya goti, kwake yeye na kwa mtaa mzima kilikuwa sabuni, kwa kuwa ukikigusa kinateleza. Bibi alikuwa akiunga mifupa. Watu walibebwa mpaka uani kwake, chini ya mdanzi, naye akawakanda kwa mafuta ya zeituni huku akisoma Alhamdu, na kila mmoja alijua alipoumia.

Bahija alipoingia chuo cha uuguzi, mwalimu alinyoosha fimbo kwenye picha ya mguu akamuuliza pale panaitwaje. Akajibu kwa sauti, bila wasiwasi, kwamba ni bata. Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Mwalimu akasema jina lake ni rabla, na mambo yangeishia hapo, lakini wasichana walimlilia kama bata mwaka mzima kila akipita, na aliyewaongoza alikuwa Hanan. Tangu hapo Bahija akaapa kwamba maneno ya uani kwa Bibi hayatatoka tena kinywani mwake. Akasoma, akafaulu, akapata kazi hospitali.

Ikaja ile vuli ambayo nyumba ilikuwa ikiosha biringanya za kusindika. Mawe ya uani yalikuwa maji matupu. Bibi aliteleza, akaangukia goti, akapelekwa hospitali ileile anakofanya kazi Bahija.

Daktari Nazihi, kijana mwenye adabu, aliitazama picha ya mfupa akasema lazima apasuliwe, vipande vifungwe kwa waya. Asipopasuliwa, mguu hautanyooka wala kukunjika sawasawa, na Hajati atasali juu ya kiti maisha yake yote. Akamwachia Bahija amweleze mwenyewe, kwa kuwa ni damu yake.

Bahija akasimama kando ya kitanda, aproni imenyooka, akaitaja pia ya goti kwa jina la kitabuni, kama alivyofundishwa.

"Bibi, radfa imevunjika, na vipande vimeachana."

"Radfa ni nini?"

"Ni mfupa, Bibi."

"Mimi nimeunga mifupa mama yako hajazaliwa, na sijaona mtu mwenye radfa. Kama kuna kitu kimeniota humo ndani, niambie tu."

Jirani yao Um Fayizi, aliyekuja na supu, akainamisha kichwa akasema binamu yake naye aliambiwa ana kitu chenye jina kama hilo, na Ramadhani haikumkuta. Basi ikawa imekwisha. Bibi akaomba shuka lake la kujitandia, akasema arudishwe akafie kwake. Daktari akambembeleza, akakataa. Bahija akaeleza upya, tena kwa ufasaha zaidi, na kila neno jipya lilimtisha Bibi kuliko la kwanza. Mchana kutwa aligeukia ukutani, akawa anausia vitu vyake.

Bahija alijua neno linalotakiwa. Lakini kitanda cha pili Hanan, ambaye sasa alikuwa muuguzi wa wadi hiyohiyo, alikuwa akitandika mashuka, taratibu, kama mtu anayesikiliza. Bahija akasema bismillahi moyoni, akainama.

"Bibi, ni sabuni. Sabuni yako imepasuka katikati."

Bibi akageuka. Akapeleka mkono polepole mpaka juu ya bandeji.

"Sabuni?"

"Sabuni, Bibi."

"Sasa si ungesema, mwanangu, Mungu akuweke uje unizike. Nimeshagawa mpaka sufuria zangu."

"Ile ya shaba umenipa mimi," Um Fayizi akasema.

"Nirudishie."

Kisha Bibi akawa anafikiri kama mtu wa kazi yake. Akasema sabuni iliyopasuka hivyo haikubali kufungwa kwa kitambaa. Aliwahi kufunga mbili, na wenyewe walichechemea mpaka kaburini. Akamwambia Bahija amwite yule kijana na waya wake.

Bahija alipotoka, Hanan alimfuata koridoni na mashuka mkononi. Hakucheka. Alisema kijijini kwao, upande wa Hama, nao husema bata. "Nilikuwa nacheka ili wasinijue," akasema, akaenda zake.

Plasta ilitolewa baridi imeshaingia. Wiki nyingi Bibi alisali juu ya kiti, analikanda goti, analisemesha. Alasiri moja akakisukuma kile kiti pembeni, akasimama mbele ya msala. Bahija na mama yake wakabaki mlangoni. Bibi akarukuu, akainuka, akaenda chini kwa kushikilia ukuta, na paji la uso likagusa msala. Akabaki kwenye sijida. Akakaa mno, hata Bahija akaona pengine hawezi kuinuka, akaanza kunyata kumwendea.

Bibi alipotoa salamu, kulia na kushoto, akamtazama.

"Ulikuwa unaninyatia nini? Nilikuwa na mengi ya kusema."