Mifumo Miwili ya Ofisi ya Maji

Kompyuta ya kwanza niliyokabidhiwa ilifika Tabora kwa treni, ndani ya sanduku la mbao. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa, na mashine za namna hiyo hazikuingia nchini bila kibali maalumu. Ofisi yetu ya maji ilikipata kibali hicho kwa ajili ya mradi wa visima vya vijijini. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni na sukari ya mgawo, lakini kompyuta tulikuwa nayo. Watu wa ofisi za jirani walikuja kuchungulia dirishani, wakaona kitu kama televisheni isiyo na picha, wakarudi kwenye kazi zao.

Tuliotakiwa kuiandikia programu tulikuwa wawili. Mimi ni mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Usoke, nilisomeshwa na masista, kisha nikapelekwa chuo Dar es Salaam. Mwenzangu alikuwa mzaliwa wa mjini Tabora, baba yake fundi cherehani, naye alisomea Ulaya ya Mashariki. Alinizidi umri kidogo, nikawa namwita kaka.

Mtaalamu wa kigeni aliyeleta mashine alituachia diski za mifumo miwili. Siku hizo hatukuwa na neno "mfumo endeshi". Tulisema mfumo tu. Alitueleza kwamba mashine inaweza kuendeshwa na mmojawapo, na programu iliyoandikwa kwa mmoja haitakubali kwenye mwingine. Tuchague kabla hajaondoka.

Mkuu wetu wa kazi, mhandisi, alituita.

"Ndugu zangu, huo mfumo unafanya nini hasa?"

"Ndio unaogawa kazi, mzee," kaka akamjibu. "Unaamua nani aandike kwenye diski, nani asubiri, nini kiende kwenye skrini."

"Kumbe ni mnyapara."

"Ni mnyapara, mzee."

"Basi nitafutieni mnyapara mmoja. Wawili watagombana."

Tuliogombana ni sisi. Kaka aliutaka mfumo wa zamani. Ulikuwa na kitabu kinene kilichokamilika, ulikuwa na lugha ya kuandikia programu aliyoisomea, na kulikuwa na mtu Dar es Salaam aliyekuwa akiutumia. Mimi niliutaka mpya. Uliweza kutumia kumbukumbu yote ya mashine, na kila gazeti la kompyuta alilotuachia mtaalamu lilionyesha kuwa mashine zijazo zitakuja nao. Kasoro yake ni kwamba kitabu chake kilifika nusu, na lugha pekee iliyokuja nao ilikuwa ile nyepesi ya wanaoanza.

"Dada, ukikwama utamuuliza nani?" aliniambia. "Kupata simu ya Dar ni kazi ya asubuhi nzima. Ukiipata, umuulize mtu kitu asichokijua?"

"Na miaka mitano ijayo, huo wako atakuwa anaujua nani?"

"Visima vimeharibika sasa, si miaka mitano ijayo."

Sikukubali. Tukaafikiana kila mmoja aandike programu ileile ndogo kwenye mfumo wake: kuingiza jina la kijiji, hali ya pampu na mara ya mwisho fundi kufika, kisha kuchapa orodha ya visima vilivyosahauliwa. Mashine ilikuwa moja, kwa hiyo yeye alishika asubuhi, mimi mchana. Yake iliisha mapema na ilikuwa safi kuliko yangu, nilimwambia hivyo. Yangu ilikwenda kwa kubahatisha, kwa sababu kila nilichokitafuta kilikuwa kwenye ile nusu ya kitabu ambayo hatukuwa nayo.

Baada ya hapo tulimwomba karani wetu ajaribu zote mbili, kwani ndiye angekaa nazo kila siku. Alikuwa mama wa makamo wa mtaa wa Ng'ambo, mpiga chapa hodari. Alianza na programu ya kaka, akaingiza visima vya Igunga tangu asubuhi, kijiji kwa kijiji, akisoma kwenye kadi za mafundi. Karibu na adhuhuri diski ikajaa. Akaitoa, akaweka nyingine, kama mtu anavyobadili karatasi kwenye taipu, akaendelea.

Mfumo ule ulitaka uambiwe kwanza kwamba diski imebadilishwa. Usipoambiwa unakataa kuandika, unaitupa nje programu, na kila kilichokuwa bado hakijahifadhiwa kinapotea. Kwenye skrini yalitokea maneno machache ya Kiingereza.

"Mwanangu," alimwita kaka, "njoo unisomee. Nimekosea wapi?"

Kaka alisoma, akainama juu ya kibodi, akajaribu hili na lile. Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Vimekwenda?"

"Vingi vimekwenda, mama. Hukukosea wewe."

Alizipanga kadi zake upya, akajitanda khanga, akaenda kuswali. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nikayameza.

"Naweza kuweka onyo," kaka alisema. "Lakini atasahau siku moja, kama mimi ninavyosahau. Wako hauhitaji kuambiwa. Tuchukue huo."

Nilitegemea kufurahi. Nilichokiona mbele yangu ni nusu ya kitabu, na mwenzangu anayeacha lugha aliyoisomea kwenye baridi ya ugenini ili aanze upya na ile ya wanafunzi. Hata hivyo alianza keshoye. Wiki zile tulijifunza kwa kuharibu na kurekebisha, na alipogundua jambo aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Mama alirudia visima vyote vya Igunga bila manung'uniko, akaingiza na vya wilaya nyingine, akabadili diski apendavyo, na mashine haikumtupa nje tena.

Orodha ya kwanza tuliyochapa ilimpeleka fundi kijiji cha Lusu, kwenye pampu iliyokuwa imekufa tangu masika yaliyopita. Nilipanda naye gari. Alifungua pampu, akabadili ngozi ya kuvutia maji iliyochakaa, akaifunga. Mwanamke mmoja aliushika mpini, akapampu mpaka maji yakatoka, kwanza mekundu, kisha meupe. Akajaza ndoo, akajitwisha, akaondoka, na aliyefuata akasogea.