Nilipewa Cheti kwa Kumwaibisha Mtoto

Nakumbuka siku moja ya Agosti nilipopigiwa makofi na uwanja mzima, na mpaka leo makofi yale yananipandisha hasira. Kaa hapo, mwanangu, usikilize. Sitasema kwa upole, kwa sababu upole na jambo hili sina.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule, nasubiri chuo. Kanisa letu lilikuwa na kambi ya likizo kule Asembo Bay, kando ya ziwa, ya watoto waliowashinda walimu: wapiganaji, watoro, wavunja vioo. Sisi vijana tuliowalea tuliitwa washauri. Mshauri! Shuka yangu mwenyewe nilikuwa nafuliwa na mama, halafu naitwa mshauri. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa mapema mno.

Nikapewa Atieno. Miaka kumi na mmoja, wa Kaloleni, analelewa na nyanya yake. Barua ya mwalimu ilisema anatoroka darasani, anampiga yeyote anayegusa begi lake, na amemng'ata mwalimu mkono. Wiki ya kwanza alinirushia sahani ya ugali. Nami nilimfokea, sikufichi.

Wiki ya pili mwenzangu mmoja alimpulizia filimbi sikioni kwa mzaha. Atieno alishtuka, kisha akaanza kuokota mawe na kuwatupia wenzake wasimkaribie. Mimi nilimfikia, nikaona sketi yake imelowa. Kumbe mtoto akishtuliwa mkojo unamtoka, hawezi kuuzuia. Ndani ya begi alibeba sketi ya pili na kitambaa. Mwalimu akigonga meza, yeye mbio nje akabadilishe. Basi huo ndio ukaidi waliouandika kwenye barua!

Siku hiyo nilifanya jambo la maana, acha nijipe haki yangu. Nilimshika mkono tukaingia ziwani na nguo zetu mpaka kiunoni, tukatoka wote tumelowa, na hakuna aliyejua. Akaniuliza, "Utasema?"

"Sisemi," nikamwambia. "Haki ya Mungu."

Tangu hapo hakumpiga mtu. Alikula, akacheza, akachaguliwa kuongoza wimbo wa siku ya kufunga.

Siku yenyewe wazazi walikuja, na walimu, na mgeni wa heshima na suti yake. Mgeni akashangaa: huyu ndiye yule wa kung'ata watu? Mlimfanyaje? Nikapewa maikrofoni. Ningesema "tulimpenda tu" nikakaa chini. Sijui nani aliniroga! Nikasimulia yote, filimbi, mkojo, sketi ya begini, ziwa. Tena nikasimulia vizuri, watu wakafuta machozi. Atieno alikuwa amesimama pale mbele na waimbaji wenzake. Mvulana mmoja wa shule yake akabana pua. Wengine wakacheka. Na mtoto, mbele ya umati wote ule, mkojo ukamtoka.

Nyanya yake alifungua leso yake kiunoni, akamfunga mjukuu, wakaondoka. Hata hakunitazama. Na watu, mwanangu, wakanipigia makofi! Nikapewa cheti. Nikakipokea, nikatabasamu nipigwe picha. Nikiikumbuka picha ile natamani kumzaba kofi yule msichana anayecheka ndani yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kaloleni na sukari kilo mbili na mkate, nikaombe msamaha. Yule mama mzee alikuwa mlangoni akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Hakunipa kiti.

"Dani, nisamehe," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo.

Akaendelea na omena wake kidogo. "Shule inafunguliwa Jumatatu," akasema. "Kuna paredi. Wewe enda usimame mbele ya hao watoto. Chukua kitu yako moja, ile hutaki mtu ajue, uwaambie. Ukimaliza, kuja tuongee mambo ya msamaha."

Nilikuwa nacho kitu hicho. Nani hana? Kilinijia pale pale.

"Dani, hiyo siwezi. Watanicheka."

"Haya," akasema. "Beba sukari yako."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Jumatatu ilipofika nilikwenda mpaka lango la shule, nikawasikia watoto wakipanga mistari, nikageuka nikarudi nyumbani. Atieno alisoma siku nne. Walimpa jina ambalo sitalitamka hapa. Siku ya tano alikataa kuvaa sare, akapelekwa kwa shangazi yake Muhoroni. Usiniulize alifika wapi na masomo. Sijui.

Ndiyo maana jana ulipotoka huko kambini unakoshauri watoto nawe, ukanionyesha kwenye simu video uliyowatumia watu, yule mvulana unayemlea analia na kukueleza mambo ya kwao, ukasema, "Mama, ona vile amebadilika, watu wameipenda," nilikufokea mbele ya wageni. Na siombi radhi! Alikuambia wewe. Hao watu wa simu hakuwaita. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata haitangazi.

Basi shika haya. Mtoto msumbufu akikufungulia moyo, hajakupa ushuhuda wa kujipatia sifa. Amekupa mzigo umsaidie kuubeba. Ukiona ulimi unakuwasha, chukua aibu yako mwenyewe, ujiulize kama ungeisimulia mahali hapo hapo, mbele ya watu wale wale. Kama sifa ndizo unazotaka, kalime miwa, usifiwe kwa miwa. Watoto wa watu waache. Na ukikosea, usingoje mpaka upate ujasiri, kwa sababu mimi nimengoja mpaka mvi zimenitoka na haujaja. Ifute hiyo video sasa hivi, nikikuona. Kesho asubuhi urudi kambini, umwambie kijana ulichofanya kabla hajaambiwa na mwingine. Akikurushia sahani, iokote.

Mungu akupe kifua, mwanangu. Akupe masikio ya kusikia wasiosikilizwa, na siku ukikosa, akupe miguu ya kuingia lango lile nililolikimbia mimi. Amina. Haya, futa.